Kompyuta mpya, gemu inakokota: kagua waya wa monita kabla ya kununua RAM

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Mtwara mjini, ninaishi Chikongola. Baada ya kuuza korosho za familia, kaka yangu aliniagizia kompyuta ya mezani mpya kutoka Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi. Ina prosesa ya Core i5-12400, RAM ya GB 16 kipande kimoja, SSD ya GB 512 na kadi ya RTX 3050. Nilitegemea GTA V ingeteleza, lakini inakokota, fremu hazizidi 25 kwa sekunde. Gemu ya mpira nayo inakatakata, hasa nikicheza na watu mtandaoni. Fundi wa hapa amenishauri niongeze RAM ifike GB 32. Je, nitoe hela hiyo?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hela ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo prosesa hufanyia kazi, usiitoe kwanza. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake walipendekeza RAM ya GB 8 na kadi ya michoro ya GTX 660 yenye GB 2, na RTX 3050 inaiacha kadi hiyo mbali sana. Mwaka 2025 lilitoka toleo lililoboreshwa la gemu hiyohiyo, ambalo ni zito zaidi kwa sababu limeongezewa mahesabu ya mwanga na vivuli. Ikiwa ndilo ulilonalo, punguza mipangilio hiyo ya mwanga kabla ya kulinganisha chochote. Hata hivyo, kwa monita ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080, mashine yenye vifaa ulivyovitaja inapaswa kuvuka fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde bila taabu. Kwa hiyo fremu 25 si dalili ya kompyuta dhaifu wala ya RAM ndogo. Ni dalili kwamba kuna kifaa ambacho kaka yako amekilipia na hakifanyi kazi yake, na kukitafuta kifaa hicho hakuhitaji senti moja.

Ninaanza na sababu ninayoishuku kuliko zote. Ndani ya kompyuta yako mna sehemu mbili zinazoweza kuchora picha. Ya kwanza ni hiyo RTX 3050. Ya pili imejengwa ndani ya prosesa yenyewe: Core i5-12400 ina sehemu ndogo ya michoro iitwayo UHD Graphics 730, ambayo inatosha kabisa kwa kuandika barua, kupiga hesabu na kutazama video, lakini haikukusudiwa kubeba gemu nzito. Wenye prosesa ya i5-12400F, yaani ile yenye herufi F mwishoni, hawana sehemu hiyo, na wakichomeka waya wa monita pasipo pake hawapati picha yoyote, hivyo kosa linajitangaza lenyewe siku hiyohiyo. Wewe ukichomeka pasipo pake unaweza kupata picha safi, Windows ikafunguka vizuri, na asiwepo anayeshuku kitu mpaka siku ya kufungua gemu.

Geuza kasha uangalie mgongo wake. Sehemu ya juu kuna matundu ya USB, ya spika na ya waya wa intaneti yaliyojipanga wima, na miongoni mwao kuna tundu la HDMI. Hilo ni la ubao mama, yaani bodi kuu ambayo vifaa vyote vimechomekwa, na picha inayotoka hapo inapitia ile sehemu ndogo ya ndani ya prosesa. Shuka chini kidogo utaona kibao chembamba cha chuma kilicholala mlalo, chenye matundu ya HDMI na DisplayPort yanayofuatana kwa mstari. Hayo ndiyo ya RTX 3050. Ukikuta waya wa monita umechomekwa juu, zima mashine, uhamishie chini, kisha uwashe tena. Kuacha waya ule juu ni sawa na kununua boti la injini halafu ukaendelea kupiga kasia.

Tofauti kati ya matundu hayo mawili inatokana na kumbukumbu. Kila fremu moja kwenye monita yako ina pikseli 2,073,600, na ili upate fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inapaswa kukamilika ndani ya milisekunde 16.7. Kwa fremu 25, kila moja inachukua milisekunde 40, na ndiyo maana jicho linaona mwendo wa kuvutavuta. Kuchora kwa kasi hiyo kunahitaji kusoma na kuandika data nyingi mno. RTX 3050 ya GB 8 ina kumbukumbu yake yenyewe inayopitisha hadi GB 224 kwa sekunde. Sehemu ya michoro iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ileile inayotumiwa na prosesa na Windows, na kipande kimoja cha RAM ya DDR4 yenye kasi ya 3200 kinapitisha GB 25.6 tu kwa sekunde, yaani chini ya sehemu moja ya nane. Kwa hiyo hata ukiongeza RAM ukafikia GB 32, picha ikiwa bado inatoka kwenye tundu la juu, gemu haitageuka kuwa kitu kingine.

Windows za siku hizi huweza wakati mwingine kuipa kadi kubwa kazi ya kuchora hata kama waya uko juu, kisha picha ikapitishwa kwenye prosesa. Usilitegemee jambo hilo, bali hakikisha kwa macho yako. Fungua gemu, kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, na uingie ukurasa wa Performance. Kwa kawaida utaona GPU mbili, yaani vile vichora picha viwili, zimeorodheshwa, moja ya Intel na moja ya NVIDIA. Ikiwa ya Intel inafanya kazi kwa asilimia 90 na zaidi huku ya NVIDIA imelala kwenye asilimia mbili au tatu, umeshampata mkosaji. Ndani ya GTA V yenyewe, kwenye mipangilio ya picha, kuna mstari unaoonyesha kiasi cha kumbukumbu ya video kinachopatikana. Ukilinganisha namba hiyo na GB za kadi yako utajua gemu inaiona kadi ipi.

Sasa, huenda ukahamisha waya na monita ikabaki nyeusi, au ukakuta Task Manager haina habari ya NVIDIA kabisa. Hapo ninaikumbuka safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni karibu kilomita 560, na kasha lililolazwa kwenye buti la basi katikati ya magunia hupigwa na kila shimo la barabara. Kadi ya michoro ni kifaa kizito kilichoshikwa na sloti ya plastiki upande mmoja na skrubu upande mwingine. Skrubu ikiwa haikukazwa, kadi inainuka upande mmoja kwa milimita chache. Ikiinuka hivyo, ama haitambuliki kabisa, ama inatambulika lakini inapata sehemu tu ya njia zake za kupitishia data.

Kabla ya kufungua kasha, tazama kama kuna stika ya dhamana iliyobandikwa kwenye maungio yake, na kama ipo mpigie kwanza muuzaji umweleze unachotaka kufanya, ili asije akaikataa dhamana yako kwa sababu ya stika iliyochanika. Ukishapata ruhusa, zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, shika chuma cha kasha kwa muda mfupi ili umeme tuli ulio mwilini ushuke, na ulaze kasha kwa ubavu. Legeza skrubu ya kadi, achia kishikizo kidogo kilicho mwisho wa sloti, itoe kadi kwa kuivuta moja kwa moja juu, kisha irudishe uikandamize mpaka kishikizo kijifunge chenyewe kwa mlio. RTX 3050 ya GB 8 kwa kawaida inahitaji pia plagi ya umeme ya pini nane kutoka kwenye pawa saplai. Hakikisha imeingia mpaka mwisho. Liko pia toleo la GB 6, lililotoka mwaka 2024, ambalo hutosheka na umeme wa sloti peke yake. Toleo hilo ni dogo kwa uwezo pia, si kwa kumbukumbu tu, kwa hiyo angalia risiti yako ujue umeuziwa lipi. Tofauti hiyo haiwezi kueleza fremu 25 zako, lakini ni haki yako kuijua.

Kadi ikishakaa sawa, pakua programu ya bure iitwayo GPU-Z. Mstari wa Bus Interface ndio unaoonyesha kadi imepata njia ngapi. Usishtuke ukiona x8, maana RTX 3050 imetengenezwa hivyo, ingawa sloti yake ni ndefu kama ya x16. Ukiona x4 au x1 wakati kadi iko kazini, bado haijakaa vizuri au sloti ina uchafu. Programu hiyohiyo huonyesha pia kadi bandia, zile ambazo chipu ya zamani imebadilishwa maandishi ili ijitambulishe kama kadi mpya. Udanganyifu wa aina hiyo umewahi kuzikumba sana kadi zilizouzwa kwa jina la GTX 1050 Ti, kwa hiyo yeyote anayenunua kadi iliyokwisha kutumika aifungulie GPU-Z mbele ya muuzaji.

Jambo la tatu ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi, na kwetu huku lina sababu yake ya pekee. Wengi tunachukua intaneti kwa hotispoti ya simu, na Windows inapotambua kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, huacha kupakua draiva ili isimalize bando lako. Nia ni njema, ila matokeo yake ni kwamba kompyuta mpya inaweza kukaa wiki nzima ikiiendesha kadi kwa draiva ya kubahatisha. Fungua Device Manager, kisha kipengele cha Display adapters. Ukiona jina la Microsoft Basic Display Adapter mahali ambapo NVIDIA inapaswa kuwapo, draiva haijawekwa. Faili la draiva kamili lina mamia ya megabaiti, hivyo nunua bando linalotosha au nenda na flashi mahali penye intaneti ya uhakika, ulipakue kutoka tovuti ya NVIDIA yenyewe. Tafadhali usilichukue kwenye tovuti nyingine yoyote inayojitangaza kuwa na draiva za bure, kwa sababu mara nyingi draiva hizo huja na programu zinazoilemea mashine na kuiba taarifa zako.

Hadi hapa nimezungumzia gemu inayokokota tangu dakika ya kwanza. Ikiwa wewe unaanza vizuri, kisha baada ya dakika tano au kumi ndipo fremu zinaporomoka, achana na waya na draiva ushughulikie joto. Prosesa yako imepewa ukomo wa nyuzi joto 100. Inapoukaribia hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Katika Task Manager, ukurasa wa CPU, kasi ya i5-12400 wakati wa gemu inapaswa kuelea karibu na GHz 4. Ukiiona imeshuka chini ya GHz 2.5 huku gemu ikiendelea, hiyo ni mashine inayojiokoa. Programu ya HWiNFO, ambayo nayo ni ya bure, itakuonyesha nyuzi joto zenyewe. Kati ya 60 na 80 wakati wa gemu hakuna ubaya, lakini 95 na kuendelea ni tatizo linalotaka kushughulikiwa siku hiyohiyo.

Feni inayokuja na prosesa hii imeshikizwa kwenye ubao mama kwa miguu minne ya plastiki inayokandamizwa mpaka ilie. Mguu mmoja ukichomoka njiani, feni inaendelea kuzunguka kama kawaida, ila chuma chake kinainuka kidogo upande mmoja na hakigusi prosesa barabara. Ukiitazama kwa mbali huoni kasoro. Shika kila mguu, ujaribu kuutikisa. Unaocheza ndio uliolegea. Kandamiza ile inayokabiliana kwa pembe, kwanza jozi moja, halafu ya pili, na baada ya hapo utazame nyuma ya ubao uhakikishe ncha zote nne zimetokeza. Kama chuma kimekwisha kuinuka kabisa kutoka kwenye prosesa, ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo katikati inapaswa kufutwa na kuwekwa mpya, na kazi hiyo mwachie fundi.

Hali yetu ya hewa nayo ina mchango. Kuanzia Novemba hadi Februari chumba cha Mtwara au Lindi huwa na joto la kuvuka nyuzi 30 mchana, na kila nyuzi iliyomo chumbani inaongezeka juu ya ile iliyomo ndani ya kasha. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na vumbi linaloingia huganda kwenye mapezi ya feni badala ya kupita. Kwa hiyo kasha lisisukumwe hadi kugusa ukuta, lisifungiwe ndani ya kabati la meza, na kile kitambaa cha kufuma tunachokitandika juu ya televisheni na redio kisilifunike wakati linawaka. Kitambaa kikae juu yake usiku, mashine ikishazimwa na kupoa.

Watu wengi wanausingizia umeme mdogo wa jioni. Pawa saplai nyingi za sasa hupokea volti kuanzia 100 hadi 240 na kuwapa vifaa vya ndani umeme uleule, kwa hiyo volti ikishuka kidogo gemu haipungui fremu. Umeme ukiyumba sana, au pawa saplai ikizidiwa, mashine huzima ghafla au hujiwasha upya. Kama yako inazima katikati ya gemu, hiyo ni kesi nyingine. Kama inakokota tu, umeme hauhusiki, na stebilaiza haitakuongezea fremu hata moja, ingawa ni vyema kuwa nayo kwa usalama wa vifaa.

Kuhusu gemu ya mpira, tenganisha mambo mawili ambayo kwenye kioo yanafanana. Cheza mechi moja dhidi ya kompyuta, intaneti ikiwa imezimwa. Ikiwa mpira unakwenda vizuri, basi kinachokatakata mtandaoni ni intaneti, si kadi. Mitambo ya gemu nyingi iko mbali, mara nyingi Ulaya au Afrika Kusini, na kila unapobonyeza kitufe taarifa inasafiri kwenda na kurudi kupitia mnara wa simu ambao jioni unahudumia mtaa mzima. Wachezaji wanaoruka kutoka hapa hadi pale bila kupita katikati ni alama ya mtandao. Picha nzima inayoganda pamoja na maandishi yake ni alama ya mashine. Hakikisha pia kwamba Windows au programu ya gemu haipakui masasisho kimyakimya wakati unacheza, kwa sababu kompyuta mpya ina mengi ya kupakua katika siku zake za kwanza.

Lipo jambo dogo linalowasumbua wenye monita za Hz 144, yaani zinazoweza kuonyesha picha 144 kwa sekunde. Windows mara nyingi huziacha kwenye Hz 60, na mwenyewe akadhani kadi ndiyo imefika mwisho. Ukifika fremu 60 kamili na ukaona hazipandi tena, ingia Settings, kisha System, Display na Advanced display, uchague namba ya juu, halafu uangalie kama gemu imewashiwa V-Sync, kipengele kinachozuia fremu zisizidi kasi ya monita. Hiyo inafuata baadaye, baada ya fremu 25 kuwa historia.

Narudi kwa fundi wako na RAM yake. Ushauri wake una chembe ya ukweli, ila si kwa sababu aliyoitoa. GB 16 zinakutosha, lakini zote ziko kwenye kipande kimoja, na prosesa yako ina njia mbili za kufikia RAM. Kipande kimoja kinaacha njia moja bila kazi. Vipande viwili vinaipa prosesa GB 51.2 kwa sekunde badala ya 25.6, na katika gemu, jambo hilo husaidia hasa kupunguza zile fremu zinazoanguka ghafla unapoendesha gari kwa kasi mjini. Kwanza angalia ukurasa wa Memory katika Task Manager: kama RAM imeandikwa 3200 kwenye stika yake lakini hapo inasomeka 2133 au 2400, ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, kwa kubonyeza Delete au F2 wakati mashine inawaka, uwashe kipengele cha XMP kinachoiruhusu RAM ifikie kasi ya stika yake. Hilo nalo ni bure.

Ikiwa umekagua yote haya, fremu zimepanda, na bado una hela ya kutumia, hapo ndipo RAM inakuwa ununuzi wa maana. Chukua kipande chenye ukubwa uleule na kasi ileile, na kwa usalama kiwe cha mtengenezaji uleule. Piga picha stika ya kipande ulichonacho uende nayo dukani, kwa sababu DDR4 na DDR5 haziingiliani na ubao mama wako unapokea aina moja tu. Ubao ukiwa na sloti nne, vipande viwili vikae ya pili na ya nne ukihesabu kuanzia upande wa prosesa. Ukiwa na sloti mbili, vijaze zote.